Vitu Vinavyokataa Kugawanywa kwa 24

Muuza rangi wa Kirinyaga Road, Nairobi, aliniuliza ni gari gani. Nikamwambia Probox. Akauliza ni mlango au bampa. Nikasema gari zima. Akaanza kushusha mkebe wa lita 4, ikabidi nimzuie: "Hapana, mkubwa, nipimie mililita 50 tu." Akanitazama kama mtu aliyeombwa kupima moshi kwa kilo. Nikatoa boksi mkobani, nikamwekea bodi yenyewe ya gari dogo la kuunda juu ya kaunta: plastiki nyeupe, nyepesi kama ganda la yai, urefu wa sentimita 17 na nusu hivi. Akaigeuza, akachungulia dirishani, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akanipimia, akakaza kifuniko, akasema, "Boss, hii rangi itakuaibisha."

Na kweli iliniaibisha. Nilikuwa nimetaka 1F7, ile rangi ya fedha ya Toyota unayokutana nayo kwenye kila foleni ya jiji hili. Kwenye gari halisi ni fedha tulivu. Kwenye bodi yangu ilitokea kama kadi ya Krismasi, chembe zinametameta moja moja, na chini yake plastiki imepasuka vistari vidogo vidogo mfano wa tope la bwawa lililokauka. Yalikuwa makosa mawili yenye asili tofauti, nami wakati huo sikujua hata moja limetoka wapi.

Mtu akiona gari dogo la plastiki lililoundwa vizuri hudhani kazi yote ni kupunguza: chukua gari, gawanya kila kitu kwa 24, umemaliza. Urefu unakubali kugawanywa hivyo, na upana, na duara la tairi. Chembe ya rangi haikubali. Wala vumbi, wala unene wa tabaka la rangi, wala jicho lako wewe mtazamaji. Karibu kila ugumu wa ufundi huu unatoka kwenye vitu hivyo vinavyogoma.

Tukubaliane kuhusu neno kwanza. Kifurushi chenye vipande vya kuunganisha, wenyewe wanakiita kwa neno la Kiingereza, "kit", ambalo tukiliandika kwa Kiswahili linakuwa "kiti", nami sitaki mtu aje kukalia Probox yangu. Nitasema seti.

Seti ni plastiki ya aina ya polistirini iliyoyeyushwa, ikasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu za chuma, ikapoa na kutoka ikiwa imeshikana kwenye fremu za vijiti. Unakata kipande kwa koleo kali, unasawazisha palipokatwa kwa tupa ndogo na msasa. Kalibu huacha alama zake: mshono mwembamba pale nusu mbili zilipokutana, kishimo pale plastiki nene iliposinyaa ikipoa, na mara nyingine mafuta yanayoikataa rangi. Osha kila kitu kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza. Hilo halina siri, tuendelee.

Hiyo 1/24 kwenye boksi ilitoka wapi? Kwenye futi na inchi. Futi moja ya gari halisi inakuwa nusu inchi mezani, hesabu nyepesi kwa mchoraji anayetumia rula ya Kiingereza. Kampuni nyingi za Kijapani, kama Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, zimeshikamana na kipimo hicho kwa magari ya barabarani. Wamarekani walikwenda na 1/25. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1948, ilianza kwa kutengeneza magari madogo ambayo wauzaji wa magari mapya walikuwa nayo madukani kama matangazo, na mwaka 1958 ikaanza kuuza magari hayo yakiwa vipande, mnunuzi achague kuunda gari la kawaida, la mashindano au la mapambo. Kipimo cha matangazo kikawa kipimo cha mchezo.

Tofauti ya 24 na 25 inaonekana ndogo mpaka uweke magari mawili kwenye rafu moja. Gari la mita 4.2 linakuwa milimita 175 kwa kipimo cha kwanza na 168 kwa cha pili. Milimita 7 si kitu, utasema. Lakini ukubwa wa jumla hupanda kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, kwa hiyo gari la 1/24 limejaa kuliko mwenzake kwa asilimia 13. Jicho linaona kuna kitu hakiko sawa hata kabla halijajua ni nini. Wala usidhani vipimo hivi vyote vina hekima nyuma yake. Kipimo cha 1/35 kinachotawala vifaru vya kivita kilianza pale Tamiya walipotengeneza kifaru cha Panther mwaka 1961 na kukipa ukubwa wa kumeza mota na betri mbili.

Kwa msomaji wa Nairobi, seti za Japani zina faida moja ambayo Mmarekani hana: usukani uko kulia, na magari yenyewe ni yale yale yaliyoshushwa melini Mombasa yakiwa mitumba. Aoshima wana Probox. Wana HiAce, ambayo hapa ni matatu tu inayosubiri rangi, stika na kondakta. Hasara yake ni kwamba seti nyingi za magari haya ya kawaida hazina injini. Boneti haifunguki, na chini ya gari kila kitu kimechongwa kwenye bamba moja. Seti za Kimarekani mara nyingi huja na injini kamili.

Turudi kwenye vitu vinavyogoma, tuanze na jicho. Unaposhika gari la 1/24 sentimita 30 kutoka usoni, unaliangalia kama mtu aliyesimama mita 7.2 kutoka kwenye gari halisi. Ukiliweka mezani na macho yako yakiwa sentimita 25 juu yake, uko mita 6 juu ya barabara: unalitazama kutoka roshani ya ghorofa ya pili. Nenda hapo roshani kweli, tazama magari yaliyoegeshwa chini. Unaona paa, mistari ya milango, weusi wa matairi ambao kwa kweli ni kijivu, kivuli chini ya bampa. Huoni kitasa kina skrubu ngapi. Mistari inayotenganisha paneli unaiona vizuri, kwa sababu ni giza, na giza husafiri mbali.

Ndiyo maana tairi likipakwa nyeusi tii linaonekana la kuchezea, na likipakwa kijivu cha makaa linakuwa mpira. Rangi za bodi nazo huonekana nzito zikiwa kwenye kitu kidogo. Wengi huongeza tone la nyeupe. Ndiyo maana pia wasanifu wa seti hawafuati gari kwa utiifu wa kipofu. Tamiya walipotaka kutengeneza Porsche 934 ya 1/12, iliyotoka 1976, walinunua Porsche 911 halisi na kuifungua vipande vipande ili waijue. Hata baada ya kuijua hivyo, kalibu haichongwi kwa rula peke yake. Paa linalopimwa sawasawa linaweza kuonekana limebonyea ukilitazama kutoka juu, kwa hiyo mkono wa msanifu unasahihisha.

Gundi ni habari fupi lakini inawakwaza wageni wengi. Gundi ya polistirini haigandishi, inayeyusha. Ile nyembamba kama maji ina vitu kama asetoni na butili asetati. Unashikanisha vipande viwili, unagusisha brashi kwenye ufa, gundi inajivuta yenyewe ndani, inalainisha plastiki pande zote mbili, kisha inapeperuka na kuacha kipande kimoja. Ni uchomeleaji bila moto. Mabaki ya vijiti ukiyaloweka kwenye chupa ya gundi hiyo hiyo yanakuwa uji wa kuziba nyufa, wa plastiki ile ile. Supagluu ni ya chuma na resini. Usiitumie karibu na vioo, maana mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe, gari likaonekana kama limelala nje Limuru mwezi wa Julai. Vioo vishikize kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inaangaza.

Sasa rangi, na aibu yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kikemia. Rangi za karakana huchanganywa na thina kali, zenye viyeyushi vya jamii ile ile ya gundi niliyoieleza. Juu ya bati hazina madhara. Juu ya polistirini tupu zinakula uso wa plastiki, na kwa kuwa plastiki ilipoa kalibuni ikiwa na mkazo ndani yake, inaachia mkazo huo kwa kupasuka. Kinga yake ni praima, yaani rangi ya msingi, ipulizwe tabaka kavu kavu la ukungu, mbili tatu, kila moja ikauke, ndipo uthubutu tabaka lenye majimaji. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Lakini si kijiko chochote: kile kinachovunjika kwa mlio ukikikunja ndicho polistirini, kinachopinda na kuwa cheupe mkunjoni ni plastiki nyingine, na hakitakuambia ukweli.

Kosa la pili ndilo muuzaji alilolijua kwa uzoefu. Rangi ya fedha ni vipande vidogo vya alumini vinavyoelea ndani ya rangi. Kwenye gari halisi kipande kinaweza kuwa na upana wa maikroni 30 (milimita 0.03), mdogo kiasi kwamba macho yanayeyusha vyote kuwa mng'ao mmoja. Mkebe ule ule ukiupuliza kwenye gari la 1/24, vipande havipungui. Kwa macho ya yule mtu wa roshani, kila kimoja sasa kina upana wa milimita 0.7. Hakuna gari linalotoka kiwandani limepakwa pambo la ukubwa huo. Rangi za fedha zilizotengenezwa kwa ajili ya plastiki husaga alumini laini zaidi. Nyeupe, nyekundu na bluu zisizo na chembe za chuma, endelea kununua Kirinyaga Road kwa amani.

Kuna la tatu, ambalo halionekani mpaka mwisho: unene. Rangi ya kiwandani kwenye gari, tabaka zote pamoja, ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Igawanye kwa 24 upate milimita 0.004, kitu ambacho hakuna mkono wa binadamu utakipuliza. Wewe ukipuliza praima, rangi na klia, ile angavu ya juu, mpaka ukafika hiyo sehemu ya kumi ya milimita, umelivisha gari lako blanketi la milimita 2.4. Kona za boneti zinaviringika, nembo zinazama, mistari ya milango inajaa. Pengo la mlango kwenye gari halisi ni kama milimita 4. Kwenye modeli linatakiwa kuwa 0.17. Mafundi wanaojua huchimba mistari ile upya kwa sindano kabla ya kupaka chochote, ibaki na kina baada ya rangi. Kisha mwishoni hutiririsha ndani yake rangi ya enameli iliyozimuliwa sana: kahawia au kijivu kwa gari jeupe, nyeusi kwa gari la giza. Mstari mweusi tii kwenye gari jeupe hufanya milango ionekane imechorwa na mtoto wa chekechea.

Enameli hiyo ikae juu ya laka, yaani rangi ya thina kali, isiwe chini yake. Laka ni kali, enameli ni mpole. Ukipuliza laka juu ya enameli isiyokomaa, itakunjamana kama maziwa yaliyoganda utando. Utaratibu wa kudumu: laka chini, akriliki (rangi ya maji) katikati, enameli juu.

Nairobi ina maoni yake kuhusu haya yote. Mikebe ya kupulizia hairuhusiwi kusafirishwa kwa posta ya ndege, kwa hiyo seti itakufikia kutoka Japani na rangi yake haitakufikia. Ndiyo maana tunaishia kaunta za rangi za magari. Masika kati ya Machi na Mei hewa imejaa maji. Thina inapopeperuka hupoza uso wa plastiki, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, na gari jeusi linageuka rangi ya chai ya maziwa. Subiri mchana, au pitisha ukungu mwembamba wa thina peke yake juu yake, mara nyingi weupe unaondoka. Miezi ya baridi, mkebe uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, shinikizo lipande na matone yawe madogo. Kujua kama rangi imekauka, usiiguse. Inuse. Ikinukia, bado. Na unaponusa, kumbuka kwamba barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa, na ufungue madirisha hata jirani akilalamika.

Ukishavuka rangi, mapambo madogo ni raha, na hapa tena hesabu inakuongoza pa kuweka nguvu. Mkanda wa kiti una upana wa kama milimita 47, kwa hiyo wako ni milimita 2: utepe mwembamba uliokatwa kwa rula ya chuma, au tepu ya karatasi ya mafundi rangi iliyopakwa nyeusi. Waya wa plagi wa milimita 7 unakuwa 0.3, na visikizi vilivyokufa vimejaa nyaya za kiasi hicho bure. Kioo cha gari kina unene wa milimita 5 hivi, yaani 0.2 mezani, wakati kioo cha seti kinafika milimita 1. Ukikikuza kinakuwa milimita 24, kioo cha gari la kubebea pesa za benki. Huwezi kukipunguza, lakini unaweza kupaka kingo zake nyeusi, unene usidake mwanga.

Kromu ya seti, ile inayong'aa kupita kiasi, ni tabaka la alumini juu ya plastiki. Iloweke kwenye Jik, itajitoa, kisha uanze upya na rangi ya fedha ya kistaarabu zaidi. Stika za maji zilizogeuka manjano kwa uzee zibandike dirishani siku kadhaa, jua la Nairobi linazisafisha.

Kitu kimoja ningekuomba usikiruke ni kimo. Seti ya Kijapani humweka Probox kama alivyotoka kiwandani, tumbo chini. Probox wa hapa amewekewa spesa. Tuseme ameinuliwa sentimita 4: mezani hiyo ni chini kidogo ya milimita 2, kipande cha plastiki cha kukata kwa wembe na kubandika juu ya ekseli. Hakuna kazi ndogo kuliko hiyo yenye faida kubwa kuliko hiyo. Ondoa namba za Kijapani, weka kibao cheupe mbele na cha manjano nyuma. Kibao cha sentimita 52 kinakuwa milimita 21 na ushei, na kijana wa saiba atakuchapishia karatasi nzima ya vibao akidhani unaibia serikali.

Walio na hamu ya mbio wana utajiri mwingine. Hasegawa wametoa kwa 1/24 Datsun 240Z iliyoshinda mbio za Safari Rally za 1971 na Bluebird iliyoshinda 1970, zote mbili zikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Ni magari yaliyochafukia nyumbani kwetu, na hapo ndipo sisi tunawazidi waundaji wa kwingine, au tungewazidi kama tusingekosea kwa ujanja wa mkato. Kishawishi ni kuchota udongo halisi nje ya lango na kuumwaga juu ya gundi. Udongo nao ni miongoni mwa vitu vinavyogoma. Punje ya mchanga ya milimita 1 juu ya modeli ni jiwe la milimita 24, na bampa lako linaonekana limepigwa kokoto za ujenzi. Kausha udongo, usage, uupitishe kwenye kitambaa cha leso kukuu, utumie ile poda inayopita tu.

Kisha chagua udongo wa safari iliyosafiriwa. Wa Kikuyu na Kiambu ni mwekundu. Wa Embakasi na Athi River ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, unakaa kwa mabonge ndani ya matao ya magurudumu. Wa Naivasha, kule Safari ilikorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ni vumbi la volkano laini kama unga, linalofunika gari kwa usawa hata nyuma ya vioo. Gari lenye udongo wa rangi mbili lazima liwe limepita sehemu mbili.

Vumbi huinuka kutoka magurudumuni kwenda nyuma, kwa hiyo liwe zito nyuma ya kila tairi na jepesi kuelekea paa. Mlango wa nyuma wa Probox, ulivyo wima, hunyonya vumbi kuliko boneti. Na kabla ya kupaka chochote kwenye kioo cha mbele, kata tepu kwa umbo la kipepeo, pale waipa zinapofagia, uibandike kwa ncha ya kibano. Puliza vumbi lote, subiri likauke, ndipo uvute tepu polepole kuanzia pembeni.